Mashine ya Fundi Iliyo Jinja

Jinja, 11 Februari 2025

Kwako mpwa wangu Kagoya, hapo Nkoma, Mbale,

Shika kiti kwanza ndipo usome. Kati ya daraja la Jinja na mpaka wa Kenya hakuna mtu mwenye bahati kumshinda mjomba wako Gaster, na hapo nimejizuia. Ningeandika bila kujizuia, karatasi ingewaka.

Mimi mzima. Mama yako Gorreti mzima, nilimwona juzi Budondo. Mguu wake wa kushoto bado unalalamika akipanda kilima, lakini mdomo haujalalamika hata siku moja, unafanya kazi ya watu watatu. Mahindi yameota. Saluni yangu inaendelea. Nimeandika mlangoni "Afande Gaster, Kinyozi wa Kimataifa", kwa sababu nimenyoa watu Dubai, na mmoja wao alikuwa Mfilipino mwenye nywele ngumu kama waya wa ua wa gereza. Miaka ishirini na miwili nilikuwa askari magereza, nimewanyoa wafungwa na mabosi wao, na hakuna aliyerudi na malalamiko.

Sasa jambo lenyewe. Ulinisikia siku ile tulipokuwa tunamaliza msiba wa babu yako. Ukoo mzima umekaa chini ya turubai, na Lawrence, kwa kuwa ni katibu wa ukoo basi anadhani amekuwa waziri, akaanza: "Kagoya ameacha kufundisha kompyuta shuleni, ati anatengeneza gemu ya mashine ya Wazungu. Mashine yenyewe hana. Huyo ni mpishi bila jiko." Watu wakacheka. Mama yako akatazama miguu yake. Nikasimama na sahani yangu mkononi, nikasema, "Mashine ipo. Iko kwangu Jinja." Lawrence alisahau nyama mdomoni.

Basi nataka uyasikie yote. Ni ile Tavo mpya. Ile unayoshika mkononi kama kitabu cha sala, ukifika nyumbani unaipachika kwenye kitako chake na picha inahamia kwenye tivii. Na si ya dukani. Ni ya fundi, ile wanayopewa watengenezaji wenyewe ili wajaribu gemu zao kabla hazijatoka. Bosi wangu wa Dubai, ambaye nililinda ghala lake miaka minne bila kusinzia, aliniambia, "Gaster, moja imebaki, na sioni mwingine anayeistahili." Namna hiyo. Wengine wanaomba bahati, mimi bahati inaniuliza kama niko nyumbani.

Wewe weka kazi yako kwenye kadi ya memori, uifunge kwenye bahasha, umpe Shakul, kondakta wa basi la Mbale. Nitajaribu hapa na kukuandikia. Usinipigie simu kuhusu hili. Nilitia saini karatasi ya siri ya kampuni, na simu zina masikio.

Mimi mjomba wako, mtu wa bahati,
Gaster

---

Nkoma, Mbale, 24 Februari 2025

Mjomba mpendwa,

Barua yako ilinikuta salama. Halimah anakusalimu. Anasema mwenye mlango kama huo wa saluni lazima awe na viza. Yeye ndiye anayechora, mimi naandika maagizo ya kompyuta, na chumba chetu ni kimoja, kwa hiyo tunapishana kwa zamu kama askari wako.

Siku ile ya msiba sikukushukuru. Nilishindwa. Lakini nilipofika Mbale nililala usingizi ambao sijalala tangu Oktoba nilipoacha kufundisha.

Nikueleze kazi ilivyo, ingawa labda unajua. Gemu yetu inaitwa Ukungu. Mchezaji si mtu, ni ukungu wenyewe. Unaamka juu mlimani, unashuka polepole kwenye mibuni, unaingia madirishani, na kila unachokigusa kinakupa sauti: kikombe, kikohozi, mtu anayeita kuku. Hakuna adui. Kuna kushuka tu, hadi mnara wa saa hapa mjini, kabla jua halijakumaliza.

Ugumu ni kwamba Tavo ni mashine mbili ndani ya moja. Ikiwa kwenye kitako inakula umeme wa ukutani na ina nguvu kama ng'ombe wa jembe. Ukiichomoa ukaishika mkononi, inajipunguza ili betri isiishe na vidole visiungue. Na ukungu ni mzito, mjomba. Ni pazia juu ya pazia juu ya pazia, mashine inalichora kila moja. Kwa hiyo nimeweka ukungu wa aina mbili, mzito wa kwenye tivii na mwepesi wa mkononi, na lazima ubadilike mtu akichomoa mashine katikati ya mchezo, bila yeye kuhisi. Maandishi nayo: yanayosomeka kwenye tivii yanakuwa kama sisimizi mkononi. Na kampuni ina mtihani wake. Wataichomoa na kuipachika hata mara mia, watailaza na kuiamsha. Ikikwama mara moja tu, wanakurudishia kazi.

Laptop yangu haiwezi kuniambia lolote kati ya hayo. Laptop ni kama mgeni, inasema kila chakula ni kitamu. Kampuni imetuandikisha, lakini mashine za fundi wanawapa wakubwa kwanza, na sisi tuko mwisho wa foleni usioonekana. Mwisho wa Septemba lazima kazi iwe imefika kwao, la sivyo nafasi yetu dukani kwao inakwenda kwa wengine. Nimewaandikia kwamba tunajaribia Jinja.

Kadi imo ndani. Pembeni juu, kushoto, utaona namba. Hiyo ni picha ngapi zinapita kwa sekunde moja. Tunataka sitini. Ikishuka chini ya thelathini, ukungu unajikwaa kama mlevi. Niandikie namba ya mkononi na namba ya kwenye tivii. Hizo mbili tu.

Mpwa wako,
Kagoya

---

Jinja, 19 Machi 2025

Kagoya wa mjomba,

Nimechelewa, usininunie. Umeme ulikwenda, ukarudi, ukaona watu bado wanadaiwa, ukaenda tena. Mama yako amepata mbuzi jike, amempa jina la mke wa Lawrence. Usimwambie Lawrence.

Nimejaribu. Nilifungua saluni saa kumi na mbili asubuhi kabla ya wateja, nikakaa kwenye kiti changu kinachozunguka, mlango wazi, na mto uko pale chini unatoa mvuke wake kama chai. Mkononi namba ilikuwa themanini. Kwenye tivii mia na kumi. Umezidi, mtoto. Umewapita hata waliokufundisha.

Sasa nikuambie nilichokiona. Niliteremka mlimani sina miguu. Nilipita juu ya mibuni, na kila tunda jekundu lilikuwa na taa ndogo ndani. Niliingia dirisha la nyumba nikamkuta bibi anafunga kitambaa, hakuniona, lakini alisema, "Leo kuna baridi," na nikajua ananisema mimi. Nikaendelea. Nilipita mnara wa saa wa Mbale, nikapita mashamba ya mpunga, nikapita miwa, nikafika Budondo. Kagoya, maporomoko yalikuwepo. Yale ya zamani, kabla bwawa halijayafunika. Maji yanaruka meupe yanaongea yote kwa pamoja, na mimi ukungu nikakutana na ukungu wao, tukasalimiana kama watu wa kijiji kimoja. Juu ya jiwe alikuwepo Gorreti, msichana wa miaka kumi na minne, ameloa mpaka nywele, anacheka na kaka yake anayeogopa kuruka. Kaka yake ndiye mimi. Hayo nimekuambia wewe tu.

Mubaraka, yule mteja wangu wa kila Jumatano, aliingia akanikuta.

"Afande, mbona unalia?"

"Silii. Ni spiriti ya kunyolea."

"Chupa imefungwa, afande."

"Wewe umekuja kunyolewa au kukagua chupa?"

Nikamnyoa upande mmoja, nikasahau mwingine. Hajagundua.

Mjomba wako,
Gaster

---

Nkoma, 2 Aprili 2025

Mjomba,

Tunaendelea vizuri. Mvua imeanza, na paa letu linaimba mpaka hatusikiani. Halimah siku hizi anakuja nusu siku.

Barua yako nimeisoma mara nne. Halimah aliisoma kwa sauti, akafika kwenye jiwe akasimama, akaniambia, "Malizia wewe."

Lakini mjomba, namba haiwezi kupita sitini. Nimeifunga pale mwenyewe kwa mkono wangu. Labda ulisoma namba ya joto, hiyo iko karibu yake. Na jambo la pili, Budondo haimo kwenye gemu. Ukungu unaishia kwenye mnara wa saa. Hatujachora zaidi ya pale.

Sikuandikii ili nikushike. Nilikuwa darasa la tano maji yalipopanda yakayafunika maporomoko. Mama alinipeleka tukasimama kwenye ukingo, na tuliporudi nyumbani alipika chakula cha watu kumi kana kwamba kuna mgeni. Sikuwa nimewaza kwamba gemu inaweza kufika huko. Sasa siwezi kuwaza inaishia kwingine. Tumeanza kuyachora. Ni kazi nzito kuliko mlima wote, kwa sababu maporomoko yenyewe ni ukungu, na mchezaji ni ukungu, na mashine lazima iwachore wote wawili wakiingiliana. Kwenye tivii naamini itaweza. Mkononi sijui. Hapo ndipo nakuhitaji.

Pasaka nakwenda kwa mama. Nitashuka Jinja Jumamosi asubuhi, nikae nawe saa mbili tu mbele ya hiyo mashine. Kama ni karatasi ya siri, mimi nami nimetia saini yangu, kwa hiyo tutakuwa wafungwa wawili wa gereza moja. Au nitumie picha ya mashine.

Kadi ya pili imo humu.

Kagoya

---

Jinja, 28 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Heri ya Pasaka, ingawa imeshapita. Niliitwa harusini Iganga ghafla, Jumamosi ileile, na mwenye harusi alisema bila mimi bibi arusi hatatoka. Nilikwenda, akatoka. Nimesikia ulipita. Pole sana. Mama yako alinipa nusu ya keki uliyoleta. Nusu nyingine anaificha, na maficho yake nayajua.

Kuhusu namba, umesema kweli, nilisoma joto. Macho yangu yamekaa jangwani miaka minne, yanaona namba kubwa kubwa. Nimeangalia tena. Sitini mkononi, sitini kwenye tivii. Sawa kama mapacha.

Picha haiwezekani. Karatasi ile ina kifungu kizima kuhusu picha. Ukikivunja wanakuja na ndege.

Lakini maporomoko, Kagoya. Umeyaweka, na umeyaweka sawasawa. Niliyapitia mara tano. Mara ya tano sikutaka kutoka. Nilikaa pale ndani ya maji yasiyolowesha, mchana umekuwa mweupe, watoto wa Budondo wa zamani wanapita chini yangu wamekumbatia madumu ya njano na kuanguka na maji hadi chini, na kila mmoja anaibuka. Hakuna anayebaki. Sikujua mtu anaweza kutengeneza mahali kama hapo kwa vidole vyake akiwa Nkoma.

Mkononi inateleza kama mafuta. Ule ukungu mwepesi uliouweka kwa ajili ya mkononi, mimi nasema uuondoe. Unaharibu. Mtu aliyeko kwenye basi naye ana haki ya kuona ukungu mzima. Weka ule mzito kote. Mashine itaubeba. Nakuambia mimi.

Gaster

---

Nkoma, 17 Juni 2025

Mjomba,

Mimi mzima. Nimechelewa kuandika, kazi ilinila.

Halimah hayupo tena. Baba yake ana duka la jumla karibu na soko, na alisema mchoro haujawahi kununua sukari. Sasa yuko kaunta. Jioni akifunga ananitumia mchoro mmoja mmoja, watoto, mawe, dumu la njano. Mkono wake haujabadilika, ila anaweka tarehe kwenye kila mchoro kama risiti.

Niliondoa ukungu mwepesi, kama ulivyosema. Ilinichukua wiki tano, kwa sababu ulikuwa umefumwa ndani ya kila kitu. Sasa uko mmoja tu, mzito, kutoka mlimani hadi mtoni. Kwenye laptop ni kitu ambacho sijawahi kukiona. Naufungua asubuhi na kuuacha ushuke wenyewe huku nikinywa chai.

Jumamosi ya Pasaka nilipita saluni. Nilibisha. Kandambili zako zilikuwa mlangoni, zile za tairi ulizozikata mwenyewe. Nilikaa kwenye ngazi kama nusu saa. Kuna mtu alikohoa ndani, nikadhani ni redio. Najua ulikuwa Iganga.

Kadi ya tatu hii hapa. Safari hii nataka kitu kimoja. Anza mchezo mashine ikiwa kwenye kitako, fika maporomoko, halafu ichomoe palepale, katikati ya maji. Niambie kinachotokea. Chochote kile, mjomba. Hata kama ni kibaya, nitakipokea vizuri.

Kagoya

---

Jinja, 8 Julai 2025

Kagoya,

Nakusalimu sana. Hapa sote wazima. Yule mbuzi amezaa wawili. Lawrence amesikia jina la mbuzi, amekasirika, mkewe amecheka, sasa wananuniana nyumba nzima. Mama yako anasema mguu umepona, lakini nimemwona anashika ukuta. Mto umejaa. Kuna ndege wapya wakubwa wanasimama kwenye mabati ya saluni, wanatazama wateja wangu kama mawakili. Nimenunua kioo kipya. Mubaraka ameoa. Samaki siku hizi ni wadogo. Mvua ilinyesha Jumanne, ikanyesha Jumatano.

Kadi imefika. Nitakuandikia.

Gaster

---

Nkoma, Jumatatu, 11 Agosti 2025

Mjomba,

Salamu. Nimengoja mwezi mzima na hukuandika, kwa hiyo leo sitazunguka.

Kuna kikundi cha watengeneza gemu Nairobi. Wamepata mashine moja ya fundi ya Tavo, na wanamwazima mtu mmoja asiye nayo, wiki tano, hadi kazi itumwe. Wanaiweka kwenye basi, naipokea hapa Mbale. Mwenyekiti wa kamati ameiona Ukungu kwenye video, na amesema waziwazi kwamba angependa ije kwangu. Wanafunga Ijumaa hii tarehe kumi na tano, saa sita mchana.

Fomu ina swali la nne. "Je, una njia yoyote ya kupata mashine hii, kwako au kwa mtu mwingine?" Mwezi Februari niliiandikia kampuni na watu hawa pia kwamba tunajaribia Jinja, kwa mjomba wangu. Hawajasahau. Wanasema kama hali si hiyo, wanataka maneno ya huyo mjomba mwenyewe, kwa maandishi, yenye saini yake.

Nimekaa na hiyo fomu tangu Alhamisi. Ulisimama mbele ya ukoo wakati hakuna aliyesimama. Mama aliinua kichwa. Mimi siwezi kuandika "hapana" na kukufanya mwongo kwa mkono wangu. Nikiandika "ndiyo", basi nitatuma Septemba kile nilicho nacho, ukungu mzito, bila kujua kama mkononi unasimama au unaanguka. Wakiirudisha, hakuna mara ya pili mwaka huu, na nimemwambia mkuu wa shule kwamba nisipofaulu narudi kufundisha Januari.

Sikuulizi kitu ambacho hutaki kukisema. Nakuambia tu kwamba basi la Shakul linatoka Jinja Jumatano saa saba, na mimi nitakuwa stendi.

Yale maporomoko, mjomba, yoyote ile itakayokuwa namba yake, ni yako. Nimeyaandika hivyo kwenye orodha ya majina mwishoni mwa gemu.

Kagoya

---

Jinja, Jumatano, 13 Agosti 2025

Kagoya, mwana wa dada yangu,

Nimefunga saluni ili niandike. Nimemwacha Mubaraka nje na sabuni kidevuni. Amegonga mara moja.

"Afande, inakauka."

"Iache ikauke. Naandika kwa familia."

Amekaa kwenye ngazi, palepale ulipokaa wewe.

Pasaka nilikuwa ndani. Nililala chini nyuma ya kiti kinachozunguka, mzee wa miaka hamsini na nane, mstaafu wa magereza, nimeziba mdomo kwa taulo la wateja. Kikohozi kilinishinda. Niliona kivuli chako chini ya mlango, nikaona kinasimama, nikaona kinakwenda. Harusi ya Iganga ilikuwepo kweli, ila hawakunialika.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu ningetia utani katikati, wewe ungecheka, na ungenisamehe kabla sijamaliza. Mimi najijua. Karatasi haicheki.

Dubai nililinda mlango wa nje. Maboksi yalipita mbele yangu juu ya vitoroli, yamefungwa, na kazi yangu ilikuwa kuyahesabu kwa kidole. Siku moja kijana wa ofisini alifungua moja akacheza dakika mbili, na mimi niliona mwanga wa mashine usoni mwake kupitia kioo cha mlango. Ndicho nilichokiona, uso wa mtu anayeitazama. Bosi hajui hata jina langu. Aliniita "Uganda".

Siku ya msiba, Lawrence aliposema lile la mpishi bila jiko, nilimtazama dada yangu na mdomo ukafunguka wenyewe. Nilidhani ni neno la siku moja. Nilidhani wiki ijayo kila mtu atakuwa amelisahau. Halafu bahasha ikaja, na ndani kuna kadi ndogo kama ukucha, na barua inayoniuliza namba mbili tu. Hakuna mtu mwenye elimu aliyewahi kuniuliza kitu akingoja jibu langu. Nikasema nitajibu mara hii tu.

Asubuhi niliishika kadi kwenye kiganja, nikafumba macho mbele ya mto, nikashuka mlimani kwa kufuata maneno ya barua yako. Yote niliyokuandikia niliyaona hivyo. Kwa hiyo usiyafute maporomoko. Hayo sikuyadanganya, nilikuwa mle. Namba ndizo nilizozitoa kichwani.

Lakini lile la kuondoa ukungu mwepesi, hapo nilikosa kabisa. Nilitaka tu usikie neno zuri kutoka kwangu. Umepoteza wiki tano kwa ajili ya mtu aliyefumba macho. Urudishe, Kagoya. Mashine ikifika kutoka Nairobi, pachika, chomoa, ufanye mtihani wako, na uziamini namba utakazoziona wewe. Kadi zako tatu zimo humu, hazijawahi kuingia popote.

Jumapili nakwenda Budondo. Nitasimama mbele ya Lawrence na wengine niseme mwenyewe, kwa sauti ileile. Mama yako nilimwambia jana. Hakunigombeza. Alisema, "Gaster, ulipika uongo, lakini ulimpikia mwanangu." Halafu akaninyima chakula.

Chini hapa nimeandika yale wanayoyataka Nairobi. Kata karatasi kwenye mstari, uwatumie, na kwenye swali la nne uandike hapana bila kusita. Shakul anapiga honi.

- - - - - - - - - - - - - - -

Kwa watu wa kamati, Nairobi.

Mimi Gaster Isabirye, kinyozi, Jinja, ni mjomba wa Kagoya. Yeye aliandika kwamba anajaribia gemu yake kwangu kwa sababu mimi nilimwambia hivyo, na yeye aliniamini. Nilimdanganya. Mashine ya fundi ya Tavo sina. Sijapata kuwa nayo.

G. Isabirye
13/8/2025